Mwanamke Ndani ya Kamati Ndefu

Kama kuna mtu Musoma aliyeponzwa na adabu zake mwenyewe, ni Mugeta fundi friji. Wengine huponzwa na pombe, wengine na ulimi. Yeye aliponzwa na heshima, na ugonjwa huo hauna dawa, maana mlevi utamwambia aache pombe, lakini mtu mwenye heshima zake utamwambia aache nini?

Mambo yalianzia kwenye msiba wa baba mkwe wake. Mzee alifariki Butiama, na habari zikamkuta Mugeta kibandani kwake Mwigobero, kichwa kiko ndani ya friji la muuza samaki. Mtu mwingine angefunga kibanda, akapanda pikipiki, na jua lisingefika utosini kabla hajafika msibani kulia na wenzake. Mugeta aliona haya kwenda kumzika baba mkwe mikono mitupu. Akaenda kwanza Bunda, mnadani, kutafuta ng'ombe dume wa kumstahi marehemu. Akachagua, akakataa, akachagua tena, akakodi lori, na lori likazama kwenye tope kabla halijaiacha Bunda nyuma. Alipofika Butiama na dume lake, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wananawa mikono.

Magige, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alimtazama mkwe, kisha akamtazama ng'ombe.

"Na huyu amekuja kumzika nani?" aliuliza.

Mugeta hakujibu. Kwa malezi yake, mkwe habishani na wakwe, tena msibani, tena mbele ya kaburi bichi. Aliinamisha kichwa akanyamaza, na kimya chake kikasomwa kuwa ni kiburi. Matanga yalipoanuliwa alirudi Musoma peke yake. Wegesa, mkewe, alibaki kwa mama yake pamoja na binti yao mdogo, Robi. Ilisemwa ni kwa muda tu, na ule muda ukaota mizizi. Kila Mugeta alipopiga simu aliambiwa baba mdogo bado ana kinyongo, hajasema neno. Mara ya mwisho Wegesa alimwambia jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa sato.

"Wewe Mugeta unaheshimuga watu mpaka wanafikiri unawadharau."

Alitaka kumwuliza ana maana gani, lakini akaona si adabu kumbishia mtu aliye kwao.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Alipika ugali akala nusu, alifua shati akasahau kulianua, na jioni alikaa mezani akijaribu kufanya kitu pekee ambacho hakikumhitaji kuzungumza na mtu, yaani chemshabongo ya jarida la parokia. Jarida lenyewe liliitwa Mwangwi, kurasa chache zilizouzwa kila mwezi baada ya misa, kuanzia Musoma mpaka Butiama. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali la miraba, na chini yake mtunzi alijiita Kalamu ya Jikoni. Hakuna aliyemjua. Mugeta, aliyekuwa akijaza chemshabongo hiyo na kupeleka majibu tangu kabla hajaoa, aliamini siku zote kwamba Kalamu ya Jikoni ni padri mstaafu mwenye kisukari, asiye na la kufanya.

Madokezo yake hayakuwa yale ya kuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Yalikuwa mafumbo kweli kweli. Yalisema hivi yakimaanisha vile, na mara nyingi jibu lilikuwa limefichwa humo humo ndani ya maneno, linakukodolea macho na wewe huoni. Kila mwezi kulikuwa na mada, na baada ya mada kulikuwa na fumbo la ziada. Baadhi ya miraba ilikuwa na namba ndogo kwenye pembe. Ukishamaliza kujaza unazikusanya herufi za miraba hiyo kwa kufuata namba, na inatokea sentensi ambayo Kalamu ya Jikoni ameificha. Mwezi mmoja ilitokea "Osheni mboga kabla ya kukata." Padri gani anasema hivyo? Lakini Mugeta hakujiuliza.

Mwezi huo mada ilikuwa "Majina ya Kwetu". Mugeta alikaa, akanoa penseli, akaanza na namba moja, mlalo: *Mama yake alishikwa na uchungu mundu ukiwa mkononi, wimbi likisubiri.* Hilo halikumpa kazi, maana wimbi ni ulezi na mundu ni wa kuvunia. Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mavuno, kwa watu wa huko, anaitwa Wegesa. Aliliandika polepole, na moyo ukamuuma kila herufi.

Dokezo la pili: *Yumo katika mchoro bila rangi.* Alipitisha kidole juu ya maneno. Mwisho wa "mchoro", mwanzo wa "bila", na hapo katikati akamkuta Robi, binti yake. Akaacha kuandika. Akainua macho, akatazama ukuta, akarudi kwenye karatasi. Dokezo la tatu lilisema: *Mkubwa wa kikao, kofia haivuliwi mpaka padri akohoe.* Parokia nzima ililalamika baadaye kwamba dokezo hilo halikuwa la haki, lakini Mugeta alihitaji kutazama mara moja tu. Magige alikuwa na kofia ya pama aliyoivaa tangu asubuhi mpaka kitandani.

Huyu Kalamu ya Jikoni, awaye yote, alikuwa anaijua familia yake.

Akaendelea kwa kasi, jina baada ya jina, mpaka jedwali likabaki na nafasi moja tu, ya wima, isiyokatwa na nyingine, herufi saba: *Mwanamke amejificha ndani ya kamati ndefu.*

Mugeta alimwona yule mwanamke mara ile ile. Penseli iliruka mkononi kama imegusa waya wa umeme. Msimulizi si mkwe wake, kwa hiyo na alitaje: Matinde. Toa kichwa cha "kamati", toa mkia wa "ndefu", na hapo amekaa Matinde mzima, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mjane wa Butiama, mama mzazi wa Wegesa. Na jina la mama mkwe, ukiwa umelelewa vizuri hulitamki, huliandiki, na ukikutana na mtu mwingine mwenye jina hilo unamwita "yule dada". Mugeta hakuwahi kumpa mkono mama mkwe wake, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni zaidi ya kufumba na kufumbua. Alimfahamu kwa mgongo na kwa sauti ya nyuma ya pazia. Sasa anaambiwa amwandike kwa penseli ya shilingi mia, herufi moja moja, kama anayejaza kuponi?

Akaiacha miraba ile mitupu. Akapuliza vumbi la penseli, akaenda kwenye fumbo la ziada.

Sentensi ilitoka yenyewe, neno baada ya neno. *Mugeta.* Musoma ina akina Mugeta wengi, mmoja ni mlinzi wa benki, lakini ni yupi mwingine mwenye Wegesa na Robi na Magige? *Njoo. Jumamosi.* Halafu likaja neno la mwisho, jina la mahali. Lilianza na B na U, likaishia na A, na katikati kulikuwa na mashimo manne. Herufi zote nne zilikuwa zinatoka kwenye lile jina aliloliacha.

Mtoto wa darasa la tatu angejua la kufanya. Angelichukua jina la bibi huyo kichwani, angechomoa herufi zinazotakiwa, basi. Lakini kwa Mugeta kulikata jina la mkwe vipande vipande kulikuwa kubaya kuliko hata kuliandika zima. Tena aliona hakuna haja, kwa sababu alikuwa ameshafikiri, na mtu mwerevu akishafikiri ndipo anapopotea. Nani katika ukoo ule anaweza kuliandika jina la mama mkwe bila woga? Shemeji yake, yaani Magige. Nani alikuwa karani zamani, mtu wa makaratasi na maneno ya mzunguko? Magige. Nani mwenye kinyongo, ambaye neno lake linasubiriwa? Magige huyo huyo. Na Magige anakaa wapi? Buhemba. Akajaribu kichwani: B, U, kisha H, E, M, B, kisha A. Lilikaa sawasawa kama kifuniko na sufuria yake.

"Ameniita," Mugeta alisema peke yake, na machozi yakamlenga. "Mzee mwenyewe ameniita."

Mtu haendi kwa wakwe kuomba mke akiwa peke yake kama mdai. Asubuhi yake alikwenda kwa Thadeo, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa mshenga wake wakati wa kuposa. Thadeo alikuwa mtu wa maneno mengi na pikipiki nzuri, na vyote viwili vilihitajika.

"Sasa huyo mzee badala ya kupiga simu ameandikaga kwenye gazeti la kanisa?" Thadeo alishangaa.

"Ndiyo heshima yake, kaka."

"Heshima zenu zitakujaga kuua mtu siku moja." Lakini alivaa koti.

Jumamosi waliondoka mapema. Barabara ya Buhemba inapita Butiama, na walipofika karibu na njia ya kwenda kwa mama mkwe, Mugeta aliyafumba macho nyuma ya mgongo wa Thadeo, asije akaonekana anachungulia nyumba ambayo hakualikwa. Angeyafumbua angeona viti vimepangwa uani na kofia ya pama imekaa katikati yao. Alikuja kuyafumbua kwenye vumbi la Buhemba, makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yanaunguruma bondeni.

Nyumbani kwa Magige walimkuta mkewe, Lukresia, anaanika mihogo juu ya turubai. Lukresia naye ni mkwe, ingawa wa pembeni, kwa hiyo Mugeta alibaki kando ya pikipiki akitazama upande mwingine, Thadeo akaenda kusema.

"Shikamoo mama. Tumeitika wito wa mzee."

"Marahaba. Wito gani?" Lukresia aliacha mihogo. "Mzee yuko Butiama tangu jana. Leo si ndiyo kikao cha ukoo? Wanaamua mambo ya Wegesa." Akatupa jicho kule kwenye pikipiki. "Na alikataza huyo kijana asiitwe. Si kwa simu, si kwa mdomo. Alisema kama ana haya atakuja mwenyewe, na asipokuja basi yameisha, Wegesa abaki kwao."

Mugeta alisikia yote. Akaketi kwenye jiwe.

Lukresia alikuwa na roho nzuri. Alipiga simu Butiama palepale, akazungumza kidogo, akasikiliza sana, akaishusha simu taratibu.

"Amesema wako karibu kufunga kikao. Amesema aliyeshindwa kufika asubuhi asijisumbue kufika mchana."

Thadeo aliwasha pikipiki. Mugeta hakuinuka.

"Twende wapi, kaka? Mzee amesema nisiende. Nikienda nitakuwa nimemvunjia amri mbele ya ndugu zake. Turudi Musoma. Nitatafuta namna, nitatuma mtu siku nyingine, polepole."

"Polepole!" Thadeo alizima pikipiki ili asikike vizuri. "Wewe mdogo wangu nikwambie kitu. Kwenye msiba ulichelewa ukanyamaza. Leo umechelewa, unataka kunyamaza tena. Sasa hao watu watakujuaje? Watapasua kifua waangalie ndani? Mimi nilikuposea huyo mwanamke, nililala njaa kwa ajili ya maneno ya hao wazee. Ukirudi Musoma leo, rudi kwa miguu."

Pale kwenye jiwe ndipo Mugeta alipoyaelewa maneno ya Wegesa. Unaheshimu watu mpaka wanafikiri unawadharau. Kumbe hakuwa anamtukana. Alikuwa anamwomba aseme. Aliona aibu kali, si ya wakwe safari hii, ila ya mke ambaye miezi yote hiyo alikuwa anangoja mumewe afungue mdomo.

Alipanda pikipiki.

Walifika Butiama wazee wameshasimama, mmoja anatafuta fimbo yake. Wegesa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, kanga kichwani, Robi amelala mapajani pake. Alipomwona mumewe akishuka, mavumbi mpaka kwenye kope, alimkumbatia Robi kwa nguvu. Mlango wa nyumba ulikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na nyuma ya pazia, kama kawaida, alikuwepo yule asiyetajwa.

"Nilituma salamu usije," Magige alisema.

"Nilizipata, baba. Shikamooni."

"Marahaba. Basi masikio unayo. Mara ya kwanza ulikuja kaburi limefukiwa. Leo umekuja kikao kimefungwa. Wewe ukoo huu unautaka kwa ajili ya nini, kuja kutuaga?"

Wazee walicheka kidogo, kicheko kibaya. Na Mugeta, kwa mazoea ya miaka mingi, aliinamisha kichwa. Shingo ilikwenda yenyewe. Aliona vidole vya miguu yake, aliona mchanga, kisha kwa pembe ya jicho akaona Wegesa anamnyanyua Robi na kugeuka kuingia ndani.

"Nilikuwa Bunda," Mugeta alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Wegesa alisimama.

"Siku ya msiba, baba. Nilikuwa Bunda mnadani natafuta yule ng'ombe. Niliona nikija mikono mitupu nitakuwa nimemdharau mzee. Lori likazama. Nilisukuma lile lori mpaka nikalia. Sikuwa na dharau. Nilikuwa mjinga tu. Ningekuja na hii mikono yangu nikashika jembe pamoja nanyi, ng'ombe angefuata. Nilimpenda mzee. Alinipokea nikiwa sina kitu, na sikumtupia hata konzi moja ya mchanga. Hilo linaniuma mpaka leo. Nisameheni."

Hakuna aliyecheka sasa. Magige alivuta kiti akakaa tena, na wenzake wakamfuata.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona si adabu, baba."

"Si adabu!" Magige alirusha mikono. "Mtu anatukanwa mbele ya umati anaona si adabu kujibu! Haya, tuseme ya msiba tumeyasikia. Na leo? Leo nako ulikuwa mnadani?"

"Leo nilikuwa Buhemba kwako. Nilidhani umeniita."

"Nimekuita mimi? Nilikataza usiitwe!"

Mugeta alitoa ukurasa wa Mwangwi mfukoni, umekunjwa na kuloa jasho, akauinua kwa mikono miwili kama inavyopasa, akamkabidhi. Nyuma ya pazia kitu cha bati kilianguka sakafuni.

Magige alivaa miwani. Alisoma taratibu. Alipofika kwenye jina lake na habari ya kofia, mkono ulipanda kichwani wenyewe. Akasoma chini, ile sentensi iliyoandikwa kwa penseli, kisha akarudi juu. Jedwali lote lilikuwa limejaa, herufi nzuri zilizosimama wima, isipokuwa nafasi moja.

"Hapa mbona hukujaza? Palikushinda?"

"Hapakunishinda, baba."

"Sasa?"

"Ni pa watu wengine kujaza. Si mimi."

Magige aliitafuta namba, akalisoma dokezo kwa sauti, "Mwanamke amejificha ndani ya kamati ndefu," kisha akalirudia kwa midomo bila sauti, kidole kikitembea juu ya maneno. Kidole kilisimama. Aliwatazama wenzake. Aliitazama ile miraba mitupu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Mugeta amfahamu, alivua kofia hadharani bila padri kukohoa, akaiweka gotini.

"Jamani," alisema kwa sauti ya chini. "Ameliacha. Ameliona, akaliacha."

"Yesu wangu!" ilisikika nyuma ya pazia. "Nimefanya nini mimi!"

Watu wote waligeukia mlangoni. Pazia lilitikisika, lakini halikufunguliwa.

"Wegesa!" sauti iliita. "Mwambie mkwe wangu kosa si lake. Mwambie ni mimi. Nilijua nani anajazaga hiyo chemshabongo, jina lake lipo kwa washindi kila mwezi. Nikasema wanaume hawa wamefunga midomo yao, basi nitamwita kwa kalamu. Nikaweka majina ya watu wote wa nyumbani, na la kwangu. Sijaitwa hilo jina na mtu tangu nilipoacha kufundisha. Kila mtu ananiitaga Mama Wegesa. Nikasahau hata mimi kwamba ni mwiko kwake! Nimemwita mtu, kisha nikamfungia mlango kwa jina langu mwenyewe!"

Wegesa hakuwa na haja ya kurudia chochote, kwa kuwa hata majirani walikuwa wamesikia. Lakini desturi ni desturi. Alimgeukia mumewe, midomo inacheza kwa kicheko na machozi kwa pamoja, akasema, "Mama anasema kosa si lako."

"Mwambie mama nimesikia. Mwambie asante kwa kuniita. Na umwambie miaka yote hii nilifikiri yeye ni padri."

Nyuma ya pazia mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mugeta hakuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kinene, cha mtu anayependa mzaha, na alijisikia vibaya kwamba alikuwa amekaa karibu na kicheko kile miaka yote bila kukijua.

Magige alijitahidi kubaki na hasira, maana mkubwa wa ukoo haachi hasira yake ovyo kama mwamvuli.

"Shemeji," alisema kuelekea pazia, "nilisema mtu huyu asiitwe kwa simu wala kwa mdomo."

"Nilitumia simu?"

"Hapana."

"Nilitumia mdomo?"

Magige alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akampa Mugeta mgongo asije akaona, na akajaza ile miraba herufi moja moja, huku akinung'unika kila moja. Alichukua T, akachukua I, akachukua A na M, akaziweka chini kwenye mashimo yake.

"Mugeta njoo Jumamosi Butiama," alisoma. "Basi amekuja. Ni Jumamosi, na hapa ni Butiama. Nani anasema amechelewa?"

Wazee wakasema hakuna. Thadeo, ambaye alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ya maisha yake, alianza kusema kwamba yeye kama mshenga alijua tangu mwanzo, wakamwambia akae chini anywe uji.

Wegesa alimlaza Robi kwenye mkeka, akaja akasimama mbele ya mumewe. Hakuinamisha macho.

"Mimi sikukasirikaga kwa kuchelewa," alisema. "Nilijua utakuwa umekwamia mahali unatafuta kitu kizuri kuliko kinachotakiwa. Nilikasirika kwa sababu walikutukana ukanyamaza, nikabaki mimi nakutetea kwa maneno ambayo hata sikuyajua. Nimekutetea mpaka nimechoka, Mugeta."

"Sitanyamaza tena."

"Utanyamaza. Nakujua."

"Basi unikumbushe."

Alimtazama, akipima, kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kununua. Kutoka ndani ikasikika sauti ya kuku akikimbizwa, na mama mkwe akiamuru mtu alete kisu.

"Nyumba yangu kule Musoma," Wegesa alisema, "ikoje?"

Wakati mwingine wowote Mugeta angejibu kwamba ni nzima, iko salama, asiwe na wasiwasi, akae tu kwa mama mpaka atakapopenda. Maneno hayo yalikuwa tayari yamefika kwenye ulimi. Akayameza.

"Imechafuka," alisema. "Na mimi siwezi kukaa humo peke yangu. Nimejaribu, nimeshindwa. Turudi nyumbani, Wegesa."

"Kesho asubuhi," alisema Wegesa, akamshika mkono mbele ya wazee wote.